Sinki Moja

Kodi ya chumba ilipopanda tena, msichana alikwenda kujaribu kazi ya kuosha vyombo mgahawani, kabla ya vipindi vya chuo. Akapewa aproni.

Kwenye sinki alimkuta msichana mwenzake wa chumba, aliyebandikwa jina la Bosi kwa maringo yake, yule anayedai kila siku hula kwa shangazi yake tajiri. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Shangazi hajambo?"

"Shangazi ndiye huyu hapa, dada." Bosi aliinua sufuria yenye masizi.

Wakacheka. Mpishi akachungulia. "Namtaka mmoja tu. Amueni wenyewe."

Kicheko kikakatika. Msichana akaanza kufungua fundo la aproni. Bosi akamshika mkono kwa kiganja kinachochuruzika povu.

"Tuandike mtu mmoja, mpishi, tutapokezana zamu," alisema. "Hata kitanda tunalala kimoja."