Lijamu ya Cheni

Lori lilipiga honi sokoni Rodi Kopany, na punda wa Dolphine akagoma katikati ya barabara na mitungi yake ya maji. Watu wakacheka.

Zablon, kaka wa marehemu mumewe, alikuja mbio na lijamu aliyoiunda mwenyewe kwa cheni ya baiskeli.

"Huyu anataka chuma mdomoni. Mshike kichwa, shemeji."

Dolphine hakumshika. Alimfunua punda mdomo taratibu. Pembeni palikuwa na kovu nene la chuma cha mwenyewe wa kwanza, kabla mumewe hajamnunua. Huyu hakuwa mkaidi, alikuwa mwoga. Kwake ilitosha kuvishwa kamba laini ya katani juu ya pua, na akishtuka, kungojewa.

"Huyu hungojewa tu," alisema.

"Wewe ndiye umemharibu! Mali ya ndugu yangu haitanishinda mimi."

Dolphine akanyoosha mkono. Zablon akampa ile cheni, akidhani amekubali.

Aliipangusa kutu na grisi kwa leso yake, polepole, hadi waliokuwa wakicheka wakasogea kutazama. Kisha akaiinua mpaka kwenye midomo ya Zablon.

"Anza wewe, shemeji. Fungua."