Vyumba vya Mto

Mjini Kindu, sheria ni moja: kila mtu chumba kimoja, na kinachobaki ni cha mto. Lualaba ikifurika, inafunguliwa mlango, inaingia chumbani kwake na kutulia humo mpaka mvua zipite, na mji hauzami.

Nyumbani kwa Ramazani, bintiye Feza alipoolewa mjini Kasongo, mto ulipewa chumba chake. Mwanawe Amisi alipohamia Goma, ukapewa cha pili. Siku arobaini baada ya Ramazani kuzikwa, afisa wa maji alibisha mlangoni kwa mjane wake, Mwamini. Uani palikuwa na shati la marehemu kwenye kamba, bado linachuruzika. Mwamini alikuwa amelifua makusudi. Afisa akaliona, akatazama kando.

“Pole, Mama Feza. Utabaki na kile kidogo cha uani.”

Akampa karatasi atie sahihi. Mwenye nyumba: Mto Lualaba. Mpangaji: Mwamini binti Saleh.

“Hapa umekosea, dada.”

“Sijakosea, Mama. Mwenye vyumba vingi ndiye mwenye nyumba.”

Alasiri maji yakaja, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mwamini akakumbuka miwani ya Ramazani. Ilibaki dirishani, chumbani kwao. Akakunja kanga hadi magotini, akaenda mpaka mlangoni. Ndani, maji yalikuwa yameshapanda kitandani, upande wa Ramazani.

Akainua mguu avuke kizingiti, kisha akaurudisha.

“Hodi,” akasema.

Akasimama pale nje, akingoja kukaribishwa.