Umebaki Mlango

Sindano ilikuwa bado inaning'inia kwenye kitambaa cheupe wakati wamama wa kanisa walipobisha hodi.

Tangu afike Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Véronique alishona sare za kwaya kwa cherehani, mbio mbio. Kitambaa hiki tu alikitarizi kwa mkono, saa moja kila asubuhi, mwezi wa saba sasa, kwa nyuzi alizozichagua mwenyewe Lilongwe, Old Town. Alikuwa anajifunza kutokimbia. Ziwa lilikwisha kutariziwa. Milima ya Uvira, kwao Kongo, ilikwisha. Kwenye nyumba ya mama yake ulibaki mlango tu.

"Jirani yako amekufa alfajiri," alisema mwenyekiti wao. "Tunatafuta kitambaa cheupe cha kumufunika, kambi nzima tumekosa." Akaona kilichokuwa magotini. "Njo hiki tunatafuta."

"Hakijaisha, mama. Mungoje hata kesho."

"Anazikwa saa nane. Na marehemu hataangalia."

Véronique akakishika kwa mikono miwili. Wamama wakaitazama ile mikono. Hapa kambini, anayemnyima maiti kitambaa atazikwa bila mtu.

Akaachia.

Mwenyekiti aliukata uzi kwa meno, akamrudishia sindano, akakunja kitambaa, ziwa na nyumba vikaingia ndani.

Mlangoni aligeuka.

"Kazi yako inapendeza, Mama Véronique, kweli. Na mzee wa nyumba ya pili pale iko anaumwa vibaya. Anza ingine leo. Lakini hii usikawie."