Mkono wa Gichohi

Tangu apatwe na kiharusi, Gichohi hakuwa ameinua hata kikombe kwa mkono wa kulia. Mvua za masika zilipokatika na mto ukawa safi, mkewe Nyaguthii alimfungia chambo cha manyoya kwenye mshipi, akamshikisha fimbo ya kuvulia katika mkono huo.

"Jaribu, Baba Wanja."

Akarusha. Mshipi ukamwangukia mabegani. Akarusha tena, na safari hii chambo kikatua juu ya maji kama nzi. Samaki mmoja aina ya trauti akakidaka. Wakamvuta pamoja huku wakicheka na kulia.

"Tumkaange?"

"Hapana, Mama Wanja. Huyu amenirudishia mkono."

Akamwingiza majini, akavifungua vidole polepole. Samaki akabaki kiganjani mwake, akipumua.