Jeni ya Maficho

Siku hizi kila mtoto hufungwa jeni ya maficho kabla ya kutimiza siku arobaini. Saratani huitumia jeni hiyo kujificha isionwe na kinga ya mwili. Ila mimba nayo hujificha kwa jeni hiyohiyo, kwa hiyo mwanamke anayetaka mtoto hufunguliwa kwa miezi tisa.

Mimba ya Ndeshi ilipofika mwezi wa tano, daktari aliona uvimbe wa saratani kwenye ini lake. Jeni ikifungwa, mwili ungeushambulia uvimbe, na mtoto pia.

“Mama, tusubiri,” Ndeshi alimwambia mama mkwe wake, Aikande. “Si umeshanunua mbuzi wa kunichinjia nikijifungua? Atamla nani?”

“Mbuzi anauzika, mwanangu.”

“Na huyu tumboni?”

Aikande akasubiri naye.

Mtoto wa kike alizaliwa salama. Ndeshi akafungwa jeni jioni ileile, lakini saratani ilikuwa imeshaenea. Aikande alimlisha Ndeshi mtori, supu ya ndizi na nyama, kama anavyolishwa mzazi yeyote wa Kichaga, vijiko vitatu, kisha viwili, kisha kimoja. Wiki ya tatu wakamzika.

Siku ya thelathini na tisa nesi alikuja na sindano.

“Bibi, weka dole gumba hapa kwenye fomu. Akishafungwa, saratani haimpati.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka atakapotaka mtoto.”

Aikande akaweka dole. Mjukuu alipolia, alimbembeleza kifuani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajikuta akimwombea mtoto wa kike asizae.