Mkono Mwepesi wa Nesi

Nusu ya unyusi wa fundi ilibaki kwenye plasta. Ukelele alioupiga uliwatoa majirani milangoni.

"Umenibandua au umenichuna?" alifoka, macho kayafumba, machozi yanamtiririka. "Kuanzia leo kazi hii aifanye nesi peke yake. Wewe, mama, kaa pembeni."

Kaa pembeni! Mkewe alilimeza neno hilo kama mwiba wa samaki.

Fundi alikuwa mchomelea vyuma. Cheche zilimwingia macho yote mawili, hospitali wakamfunika kwa pamba na plasta, na nesi wa zahanati ya karibu akawa anapita nyumbani kila asubuhi kumbadilishia. Siku ile nesi alichelewa, mkewe akajitia ujuzi.

Tangu hapo akawa mtazamaji. Nesi alikuwa mwembamba, ananukia sabuni, na kazi yake haina kelele. Hakuivuta plasta kwenda juu. Aliilowesha ncha kwa tone la mafuta, akaikunja ijirudie yenyewe, akailaza chini karibu iguse ngozi. Kidole cha mkono wa pili kilishikilia ngozi pale pale plasta inapoachia. Taratibu, kufuata nywele zilikolala. Fundi alitulia kama mtoto anayenyonya.

"Una mkono mwepesi, dada," alisema. "Sijui hata kama umeshaanza."

Mkono mwepesi! Na huu mzito ndio unaompikia, unaomlisha, unaomwosha, unaomwongoza msalani kama gari bovu linalovutwa kwa kamba. Haujasifiwa hata siku moja.

Kilichomuuma zaidi ni minong'ono. Akienda jikoni, nyuma yake wanacheka chini chini. Akirudi, kimya. Nesi anafunga mkoba haraka haraka. "Bado kidogo, mama. Tutaonana kesho." Muda aliosema daktari ulishapita, na bado ikawa ni bado kidogo.

"Shoga yangu," jirani alimwambia wakianika nguo, "huyo atabandua plasta mpaka abandue na mume."

Jirani alicheka mpaka akaangusha vibanio. Mke wa fundi hakucheka.

Alinunua plasta yake mwenyewe, akajifungia chumbani. Akabandika kwenye mkono wake, akabandua. Akabandika, akabandua. Mwanzoni ngozi iliwaka moto, vinyweleo vikanyofoka kama manyoya ya kuku. Hakukoma. Kila alipotaka kukata tamaa alimwona yule mwembamba ameinama juu ya uso wa mumewe, na hasira zikamrudisha kazini. Mwishowe plasta ikawa inatoka kimya, mkono hauna hata alama. Akanunua na sabuni ile ile anayonukia nesi.

Asubuhi moja nesi aliingia, akamsalimia mgonjwa, na kabla hajakaa simu yake ikalia. Akatoka uani kuongea. Mke wa fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua ndala, akaingia polepole, akakaa kwenye kigoda cha nesi.

Leo nitajua kama bado nina mume, aliwaza.

Tone la mafuta. Kunja. Laza. Shikilia ngozi. Plasta ikaachia bila mlio. Fundi hakutikisika. Alibaki amefumba macho kama kawaida yake, akatabasamu tabasamu ambalo mkewe hakuwa ameliona tangu walipokuwa wachumba.

"Mke wangu yuko mbali?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mm," mkewe aliitikia puani.

"Basi fanya upesi, dada, kabla hajaja. Najua utasema siri imetosha. Ni kweli, macho yamepona zamani, naona vizuri kuliko hata mwanzo. Lakini nifunike tena, nakuomba. Jana kanikata kucha, nesi. Mke wangu! Kanishika kidole kimoja kimoja."

Mkewe akakata plasta mpya.