Sindano za Daktari wa Ukoma

Phulbasia alisukuma mlango wa jiko, akamkuta mwanawe Ramdath akiufunga mkono kitambaa haraka haraka.

"Hebu nione."

"Si kitu, mama."

Akakivuta kitambaa kwa nguvu. Juu ya kiwiko palikuwa na baka jeupe, upana wa kiganja. Mama wa watu akaketi chini pale pale. Baka kama hilo ndilo lililomponza mkwewe Sumintra, mke wa Ramdath, msimu uliopita wa kukata miwa. Gari la afya lilimzoa, likampeleka kisiwani kwa wakoma. Na Trinidad nzima ilijua: kisiwa kile hupokea, hakirudishi.

"Kimbilia milimani, kwenye mashamba ya kakao. Nitasema umekwenda kutafuta kazi."

"Watanisaka tu, mama."

Habari zilikwisha kuenea. Jirani yao Jagroop, aliyezoea kunywa chai kwao kila asubuhi, sasa alipita ng'ambo ya mfereji.

"Mke kakuachia urithi, eeh?" alipaza sauti. "Basi ule peke yako, usitugawie!"

Gari likaja, na askari wawili na daktari. Watoto wakaitwa ndani, madirisha yakafungwa mtaa mzima. Phulbasia akamnong'oneza mwanawe, "Ukichomwa piga kelele. Hata kama huhisi kitu, mwanangu, piga kelele!"

Daktari alimfunga Ramdath macho, akachoma sindano katikati ya baka, maana baka la ukoma halihisi maumivu.

"Umesikia?"

"Nini?"

Akachoma tena, kwa kina zaidi. Damu ikachuruzika. Ramdath alipumua taratibu, uso mkavu kama ubao. Aliyepiga yowe ni mama yake.

Daktari akafunga mkoba. Askari wakamwonyesha Ramdath gari kwa fimbo, hakuna aliyemgusa. Hata mama yake walimzuia asimkumbatie.

Bahari ilikuwa imechafuka. Njia nzima mashuani abiria wenzake walilia, yeye akikodolea macho kisiwa, namna kilivyozidi kuwa kikubwa na cheusi.

Gatini walisimama watawa wauguzi, na nyuma yao wagonjwa waliokuja kuwatazama wageni. Mwanamke mmoja mwembamba alichomoka mbio kutoka kundini. Akaushika ule mkono, akaugeuza juani, akalitazama baka kwa muda mrefu.

"Umejiunguza kwa mafuta ya maganda ya korosho," Sumintra alisema. "Mwendawazimu wewe! Na sindano je?"

"Ziliuma zote."